Mmiliki aliapa kupambana, kisha akanywea: je, ametuuza?

*Swali la msomaji:* "Mtaalamu, salamu. Timu ninayoishabikia tangu utotoni imekatwa pointi sita kwa kupata hasara kupita kiwango kinachoruhusiwa na ligi. Juu ya hapo, mechi yetu moja ya nyumbani itachezwa bila mashabiki kwa sababu ya vurugu za mechi ya watani. Siku adhabu ilipotoka mmiliki alisimama mbele ya kamera akasema atapambana mpaka tone la mwisho. Wiki mbili baadaye ikatoka taarifa ya mistari minne: klabu haikubaliani na uamuzi, lakini haitakata rufaa. Wakati huohuo kuna timu kubwa zina tuhuma lukuki na hazijaguswa. Tumeuzwa? Kwa nini asiende mahakamani kama mtu yeyote aliyeonewa? Na sisi mashabiki hatuwezi kushtaki? Kwenye tawi letu wapo wanaotaka tugomee mechi, wapo wanaotaka tuvamie uwanja, na katibu wetu ameshapata barua ya kuitwa ajieleze kuhusu fataki."

Ndugu yangu, hayo ni maswali matano au sita yaliyobanwa kwenye hasira moja, na hasira yenyewe naielewa. Unalipa kiingilio, unasafiri, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, halafu pointi zinaondoka mezani, si uwanjani. Nianze na linalokuuma zaidi. Kutokata rufaa, peke yake, si ushahidi kwamba mmiliki amewauza. Ila usinielewe kwamba namsafisha. Analo la kuwajibu, na kwa maoni yangu ni zito kuliko rufaa.

Kwanza tuondoe picha moja ambayo karibu kila shabiki anayo kichwani: kwamba "ligi" ni mabwana fulani wamekaa ofisini, na klabu ni wanyonge wanaosubiri kuhukumiwa. Ligi nyingi za kulipwa ni mali ya klabu zenyewe. Ligi Kuu ya Uingereza ni kampuni ambayo wanahisa wake ni klabu 20 za msimu husika. Kila klabu ina kura moja, na kanuni inapita ikipata kura 14. Ile kanuni ya hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, iliyokuja kuzikata pointi Everton na Nottingham Forest, haikuteremshwa na mtu. Klabu ziliipigia kura zenyewe mwaka 2013. Kwa hiyo mmiliki anaposimama mbele ya kamera akailaani ligi, kuna uwezekano mkubwa anailaani karatasi ambayo klabu yake iliipitisha, au aliikuta na akatia saini kwamba ataifuata. Muulize swali hilo kabla ya swali la rufaa: kanuni hii ilipopigiwa kura, sisi tulipiga upande gani?

Picha ya pili inayohitaji kurekebishwa ni nani hasa aliyekata hizo pointi. Katika mifumo mingi, ligi ni mshtaki tu, na hukumu inatoka kwenye jopo huru. Everton, Novemba 2023, walihukumiwa na jopo la watu watatu: hasara ya pauni milioni 124.5 dhidi ya kikomo cha milioni 105, pointi 10 zikaondoka. Mechi ya kwanza nyumbani baada ya hapo, dhidi ya Manchester United, mashabiki waliinua maelfu ya kadi za rangi ya waridi zenye nembo ya ligi na neno la kuituhumu ufisadi. Ilikuwa picha kali, ikazunguka dunia. Wakafungwa 3-0 siku hiyo.

Lakini pointi hazikurudi kwa sababu ya kadi. Februari 2024 bodi ya rufaa ilipunguza adhabu kutoka pointi 10 hadi 6, na ukifuatilia namna walivyofika hapo utaelewa kwa nini mmiliki wako anaweza kusita. Everton hawakupinga hatia, walipinga ukubwa wa adhabu. Waliweka hoja tisa, saba zikatupwa, mbili zikapita: moja kwamba jopo la kwanza lilikosea kusema klabu haikuwa wazi kuhusu mikopo ya uwanja mpya, ya pili kwamba lilikosea kutozingatia vipimo vya adhabu vilivyokuwa vikitumika kwingine. Hoja mbili, pointi nne.

Rufaa si marudio ya kesi, ndugu yangu. Huendi pale kusema tena "tumeonewa" kwa sauti kubwa zaidi. Unatakiwa kuonyesha kosa la kisheria, au utaratibu uliokiukwa, au adhabu ambayo jopo lolote lenye akili timamu lisingeitoa. Kama wakili wa klabu yako ameisoma hukumu kurasa zote akakosa kitu cha namna hiyo, ushauri wake kwa mmiliki utakuwa: meza, tusonge mbele. Mmiliki hatakuja kuwaambia hivyo kwa maneno hayo, maana ni kukiri kwamba hukumu ilikuwa na mantiki.

Kuna na hesabu nyingine, ya punguzo. Nottingham Forest walivuka kikomo chao kwa pauni milioni 34.5. Jopo lilianzia pointi 6, likapunguza mbili kwa sababu klabu ilikubali kosa mapema na kutoa ushirikiano, ikabaki 4. Anayekubali mapema anapata nafuu, lakini anafunga milango mingi ya kubishana baadaye. Forest walijaribu rufaa hata hivyo, wakashindwa Mei 2024, na bado wakaokoka kushuka daraja. Everton walipokatwa pointi mbili nyingine Aprili mwaka huo walikata rufaa, kisha wakaiondoa wenyewe walipohakikisha wamebaki ligi kuu. Kupigania pointi ambazo hazibadilishi tena kitu ni kuwalipa mawakili bure. Angalia msimamo wenu: hizo pointi sita zikirudi, mnapanda wapi? Kama jibu ni kutoka nafasi ya tisa kwenda ya nane, hesabu ya mmiliki haina fumbo.

Mfano unaofanana zaidi na taarifa yenu ya mistari minne ni wa Juventus. Januari 2023 mwendesha mashtaka wa shirikisho la Italia aliomba wakatwe pointi 9 kwa mahesabu ya usajili, mahakama ya michezo ikawakata 15, zaidi ya alichoomba mshtaki. Aprili zikarejeshwa kwa muda na chombo cha juu, kesi ikarudishwa chini, Mei wakakatwa 10. Ndani ya msimu mmoja shabiki wa Juventus aliamka asubuhi hajui timu yake ni ya ngapi. Mwisho wa Mei klabu ilimaliza shauri jingine, la mishahara, kwa makubaliano na faini ya takriban euro 718,000. Na UEFA ilipowafungia msimu mmoja wa mashindano ya Ulaya Julai mwaka huo, klabu ilisema haikubaliani, lakini haitakata rufaa, kwa sababu inataka kujua inasimama wapi. Maneno karibu yaleyale mliyoyapata ninyi. Wachezaji wanasajiliwa, wadhamini wanaweka saini na mabenki yanakopesha kwa kuangalia msimu ujao, na kesi isiyoisha inavigandisha vyote.

Sasa, kwa nini asiende mahakama ya kawaida? Kwa sababu alikubali kutokwenda. Klabu ikiingia kwenye ligi inasaini kwamba migogoro ya soka itamalizwa na vyombo vya soka na usuluhishi, na katiba ya FIFA inavitaka vyama vya nchi zote viweke katazo hilo kwa wanachama wake. Juu kabisa, kwa mashauri yanayoruhusiwa, kuna Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoanzishwa mwaka 1984 na yenye makao Lausanne, Uswisi. Si kila ligi ina mlango wa kufika huko. Mashauri ya fedha ya Ligi Kuu ya Uingereza, kwa mfano, huishia kwenye mfumo wa ndani wa rufaa na usuluhishi. Pale mlango upo, muda ni mfupi, kwa kawaida siku 21 tangu kupokea uamuzi. Ndiyo maana nimeshtuka kidogo kusoma kwamba taarifa yenu ilitoka wiki mbili baadaye: hiyo si dalili ya uzembe, inaonyesha kwamba mtu alikaa na kalenda.

Aliyejaribu njia ya mahakama za kawaida anajulikana. FC Sion ya Uswisi, mwaka 2011, ilisajili wachezaji ikiwa chini ya kifungo cha usajili, ikakimbilia mahakama za kiraia na kupata amri za kuilinda. FIFA haikubishana na Sion. Iliigeukia shirikisho la Uswisi na kutishia kulifungia, jambo ambalo lingeing'oa timu ya taifa na hata Basel, iliyokuwa imeshavuka makundi ya Ligi ya Mabingwa. Desemba shirikisho likaikata Sion pointi 36. Thelathini na sita! Mmiliki anayejua hadithi hiyo atafikiri mara mbili kabla ya kutimiza alichokisema mbele ya kamera.

Nisiwe upande mmoja. Kuna waliopambana wakashinda kikubwa. Manchester City walifungiwa na UEFA misimu miwili Februari 2020 pamoja na faini ya euro milioni 30. Julai CAS ikafuta kifungo na kubakiza faini ya milioni 10, sehemu ya tuhuma zikiwa zimepitwa na muda kwa kanuni za UEFA zenyewe. Na yupo aliyekubali adhabu akajuta hadharani. Kwenye ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, Mei 2015 ligi iliipiga New England Patriots faini ya dola milioni moja, ikawanyang'anya nafasi mbili za kuchagua wachezaji chipukizi, na kumfungia nyota wao Tom Brady mechi nne, kwa madai ya mipira iliyopunguzwa upepo. Mmiliki Robert Kraft alianza kwa ukali, kisha siku chache baadaye akatangaza kwamba hatakata rufaa, kwa heshima ya wamiliki wenzake. Julai mkuu wa ligi akakishikilia kifungo cha Brady vilevile. Kraft akarudi mbele ya vyombo vya habari kuwaomba radhi mashabiki, akisema alikosea kuiamini ligi. Nafasi zile mbili hazikurudi. Kwa hiyo ndiyo, mmiliki anaweza kukosea hesabu, na kosa lake hutokana na kujiona kwanza kama mmoja wa wamiliki, kisha ndipo kama mmoja wenu.

Kuhusu "mbona timu kubwa haziguswi": hapa nusu uko sahihi. Shauri la kosa moja ambalo klabu yenyewe imelikubali linaisha kwa miezi. Shauri la mashtaka zaidi ya 100 yanayokanushwa yote, kama yale Ligi Kuu ya Uingereza iliyoyafungua dhidi ya Manchester City Februari 2023, linachukua miaka, na usikilizwaji wake ulianza Septemba 2024. Kwa macho ya shabiki inaonekana mdogo anachinjwa na mkubwa anaalikwa chai. Mara nyingi ni tofauti ya uzito wa faili na uwezo wa mawakili. Hiyo ya uwezo wa mawakili ndiyo inayonikera mimi mwenyewe, maana mwenye fedha ananunua muda, na muda kwenye soka ni makombe na wachezaji. Lalamiko la haki ni kutaka jedwali la adhabu linalojulikana kabla ya kosa, ili hasara ya kiasi fulani iwe na bei moja kwa kila klabu. Hilo linadaiwa ligini, na anayepaswa kulidai kwa kura ni mmiliki wako.

Sasa nije kwake. Pointi hizi sita hazikutokana na mwamuzi wala mchezaji. Zimetokana na vitabu vya mahesabu. Kuna mtu alisaini mikataba ya mishahara, kuna mtu aliuza au hakuuza mchezaji kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, kuna mtu alijua namba mapema kuliko wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mahesabu ni vivyo hivyo. Ninapoona mmiliki anaunguruma dhidi ya ligi kwa kosa la kifedha, huwa najiuliza kama hasira ya mashabiki haijageuzwa ngao ya bodi. Mashabiki wa Everton hawakudanganyika: Januari 2023, miezi kabla ya adhabu, walikuwa tayari wanabaki uwanjani baada ya mechi kuipinga bodi. Waliweza kuwa na ugomvi na pande mbili kwa wakati mmoja, na hakuna ubaya.

Kama ningekuwa kwenye tawi lenu ningeandika barua, si bango, na ningeomba majibu kwa maandishi. Hukumu kamili itatolewa kwa mashabiki, au kwa nini haitolewi? Mawakili walishauri nini kuhusu hoja za rufaa, hata kwa ufupi? Nani ndani ya klabu alikuwa na wajibu wa kuzuia hasara hii, na yuko wapi leo? Msimu ujao tunaingia tukiwa na nafasi kiasi gani chini ya kikomo, au tunarudi palepale? Jibu la swali la mwisho ndilo litakalokuambia kama umeuzwa. Mmiliki aliyemeza adhabu na kusafisha nyumba amefanya kazi yake. Aliyemeza akaendelea kutumia vilevile atakuleteeni pointi nyingine za kukatwa.

Mashabiki kushtaki ligi moja kwa moja? Ni vigumu mno. Ninyi si wahusika wa shauri, na vyombo vya rufaa husikiliza aliyeguswa na uamuzi moja kwa moja. Tiketi yako ya msimu ni mkataba kati yako na klabu, kwa hiyo mechi ile isiyo na mashabiki unaweza kuidai fidia au punguzo kama masharti ya tiketi yanaruhusu. Yasome, maana klabu nyingi huwa zimejikinga humo. Klabu ikiwa ya wanachama, kama zilivyo nyingi za Ujerumani, una silaha nzito kuliko kesi: mkutano mkuu, ambako uongozi unahojiwa na kuondolewa.

Ujerumani hiyohiyo inafaa kwa swali la kugoma. Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura kumkaribisha mwekezaji wa nje kwenye biashara ya ligi. Mashabiki wakaanza kurusha mipira ya tenisi na chokoleti uwanjani, mechi zikawa zinasimama dakika kadhaa, wiki baada ya wiki, dai likiwa moja na linaeleweka: kura irudiwe au mpango ufe. Februari 2024 mpango ulikufa. Mgomo wenye dai moja ambalo mtu fulani ana uwezo wa kulitekeleza unafika mbali. Mgomo wa "tumechoka" unaishia viti vitupu na timu inayocheza bila nguvu nyuma yake. Na zingatia kwamba hata mipira ya tenisi klabu zinaweza kutozwa faini kwa ajili yake, basi mwamue mkijua gharama.

Kuvamia uwanja, hapana. Hapo sina mizani ya kukupa. Kwenye kanuni za UEFA na za ligi nyingi klabu inabeba dhima ya vitendo vya mashabiki wake hata kama haikukosea chochote: ilikagua, iliweka walinzi, bado inalipa. Mechi yenu ya bila mashabiki imetokana na kanuni hiyohiyo. Mkirudia, kosa la pili huhesabiwa juu ya la kwanza, na kama ipo adhabu iliyoahirishwa inaamka. Mtakuwa mmeisaidia ligi kuandika hukumu ijayo, na mmempa mmiliki mtu wa kumlaumu.

La katibu wenu nimeliacha mwisho lakini ndilo la haraka, na ndilo pekee ambalo jibu langu halitoshi. Asijibu barua ile kwa hasira, wala asiandike chochote mtandaoni kuhusu usiku ule. Atafute wakili aliye karibu naye, akae naye ana kwa ana, aende na barua, tiketi, na picha au video yoyote inayoonyesha alikuwa wapi. Aangalie kwanza barua imetoka kwa nani. Klabu ikimwita, suala ni kufungiwa kuingia uwanjani na huenda kudaiwa faini iliyolipwa. Polisi wakimwita, ni jinai, na kuwasha fataki kwenye umati ni kosa katika nchi nyingi, hivyo asitoe maelezo kabla ya kushauriwa. Aangalie pia tarehe ya mwisho ya kujibu. Ikipita, uamuzi hutolewa bila yeye, na kuufungua upya ni kazi kubwa kuliko kujibu sasa. Kama tawi lina mfuko, hapa ndipo pa kuutumia.